Mukia wa Pinki

Minye sikuipenda ile kitu hata siku moja, na sitaficha. Wafundi wa garaji wanaiita eleroni. Minye niliiita mukia, kwa sababu inakaa kule nyuma juu ya kioo, imejitokeza tu, haibebi muntu, haibebi muzigo. Bwana yangu Pontien aliifunga kwenye Vitz yetu ya taksi mwaka ule binti yetu Mapendo alipoingia sekondari. Na hakutosheka kuifunga, akaipaka rangi ya pinki. Gari nyeupe, mukia wa pinki! Na siyo pinki ya upole, ile kali ya kupiga kelele. Pale parking madereva wenzake wakamupa jina la Bwana-Arusi, naye akaitika.

"Baba Mapendo," nilimuuliza, "ile kitu iko na kazi gani?"

"Inakandamiza gari chini. Ukienda mbio, upepo unataka kuinua gari ndogo."

"Mbio gani? Barabara yetu mashimo yake bata wanaoga ndani, watu wanakupita kwa miguu. Upepo utakuinua ukupeleke wapi?"

Siku nyingine akabadilisha maneno. Sasa inazuia vumbi isikalie kioo cha nyuma. Nikatoka nje, nikaandika jina langu kwa kidole mu vumbi ya kile kioo, Émérance, herufi zote mpaka ya mwisho, nikamuita aje kusoma. Akacheka tu. Pontien ni muntu wa Mutarule, kule bondeni hawajibu haraka. Minye nimezaliwa hapa Uvira kando ya ziwa, ukiona nimenyamaza ujue naumwa. Hata Sévère, fundi wake mwenyewe, aliniambia kwamba kwa gari za mashindano sawa, lakini kwa gari ndogo ya taksi ni urembo. Nilirudi nyumbani na neno hilo nimelishika mukononi, na bwana yangu akaendelea kuupangusa mukia wake kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Basi, Mapendo. Binti mumoja, nilimupata nikiwa nimekwisha kukata tamaa, miaka kumi na moja ya ndoa. Akili anayo, roho nzuri anayo. Lakini alikuwa na kitu kimoja kilichonichoma: hakusalimia watu. Anapita mbele ya shangazi yake Marie sokoni, kimya. Anapita mbele ya katekista, kimya. Na kwetu mutoto asiyesalimia, aibu si yake, ni ya mama aliyemulea. Walinijia mpaka nyumbani: "Émérance, binti yako ana kiburi." Nilimuchapa kwa hiyo, tena si mara moja. Nilimwambia mudogo ndiye anaanza kusalimia, mukubwa anangoja, ndivyo iko na ndivyo itakaa. Alikuwa analia tu, hasemi kitu.

Saa ya kutoka masomo baba yake ndiye alienda kumuchukua. Na hapo pia kulikuwa na ujinga wake. Anapita lango la shule polepole, anaenda kusimama mbele kabisa, mutoto anamufuata mbio na mukoba unarukaruka mugongoni. Kwa nini asisimame langoni kama wazazi wengine? Alisema eti mbele ndiko kuna nafasi ya kugeuza. Uongo mutupu, lakini niliumeza.

Halafu vita ikaja tena. Ilikuwa Februari ya 2025, Bukavu imeanguka, na Mapendo alikuwa kule kule Bukavu, mwaka wa pili wa kusomea ualimu. Jumamosi alipiga simu. Alizungumza na minye kidogo, akasema anashuka bondeni kwa miguu na wenzake, anakuja kwetu. Kisha akaomba baba yake, wakazungumza, na simu ikazimika. Jumapili hakuna. Jumatatu hakuna. Kufika Jumatano risasi zilikuwa zinalia humu humu Uvira, na askari waliokuwa wanarudi nyuma walitafuta gari ya kukimbilia, hawaombi.

Sisi wenye gari tunajua la kufanya vita ikikaribia, tumelifanya mara nyingi mpaka mikono inajua yenyewe. Unaifungua gari vipande vipande. Magurudumu mawili kwa jirani huyu, mawili kwa yule, betri chini ya gunia la muhogo, nyaya unazificha mu dari. Gari isiyo na miguu hakuna anayeipanda. Pontien alimaliza haraka. Minye nilikuwa nafunga mizigo, nikamuona ameshika tena ufunguo, anafungua bolti za mukia. Akauzungushia kitenge changu, akauweka begani.

"Weye! Umeacha sufuria yangu kubwa, umeacha godoro, unabeba ile?"

"Twende, Mama Mapendo."

"Iko na kazi gani? Leo utaniambia iko na kazi gani!"

Alitangulia barabarani. Nililia kwa hasira kutoka kwetu mpaka Kalundu, na ukweli nilikuwa namulilia mutoto, lakini hasira ilikuwa rahisi kuibeba.

Jioni tulifika Makobola, tukapewa nafasi mu uwanja wa kanisa pamoja na watu wengine wengi. Wengi waliendelea Fizi, wengine walitafuta mitumbwi ya kuvuka Burundi. Nilitaka kuvuka. Pontien akasema hapana. Mapendo akifika Uvira ataikuta nyumba imefungwa na majirani hawapo, atafuata watu kwenye barabara hii, na barabara ni hii moja. Akitupita hapa, baada ya hapa ni Baraka, ni Kalemie, ni Mungu mwenyewe ndiye anajua. Nani atamurudisha?

Asubuhi aliukunjua mukia kutoka kwenye kitenge, akaenda kusimama kando ya barabara, akaushika juu ya kichwa kwa mikono miwili. Muzee wa miaka hamsini na nane! Watu walipita na magodoro, na mbuzi, na watoto mugongoni, wakimuona wanacheka katikati ya taabu yao. Nilivumilia mpaka saa sita, nikamwendea.

"Utaniambia ao nitaitupa mu ziwa."

Aliushusha polepole. "Mapendo haoni mbali," akasema.

"Haoni nini?"

"Sura za watu. Kutoka hapa mpaka pale kwenye kisima, muntu kwake ni kivuli. Aliniambia akiwa na miaka kumi na miwili. Pale langoni gari nyeupe zote kwake ni moja, namba hasomi. Mara mbili alifungua mulango wa gari ya muntu mwingine. Nikamuuliza, rangi je? Akasema, papa, rangi naiona. Pinki alichagua yeye mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwa napita lango kwanza, aone nyuma ya gari." Akapangusa ule mukia kwa mukono wa shati. "Miwani nilimununulia Bujumbura, anaivaa kule masomoni tu. Jumamosi kwenye simu aliniambia imekanyagwa mu kukimbia."

Sokoni. Shangazi Marie. Katekista. Mungu wangu, zile fimbo zote.

"Kwa nini hakuniambia minye?"

Pontien aliuweka mukia chini kwanza. "Alisema, mama alinisubiri miaka kumi na moja. Sitaki ajue alipata mutoto mwenye kasoro."

Nilikaa chini pale pale mu vumbi. Bwana yangu alinyamaza miaka minane na kuchekwa miaka minane, na anayemucheka kuliko wote ni minye, mu nyumba yake. Nilimuletea maji, nikamushikia kikombe anywe.

Jumamosi homa ilimuangusha, jua la siku mbili lile. Nilimulaza mu kivuli cha ukuta wa kanisa. Alitaka kuamuka, nikamwambia lala, nikachukua mukia. Ni mwepesi kuliko nilivyofikiri, lakini ukiushika juu saa nzima mabega yanawaka. Kijana mumoja wa pikipiki alinipigia kelele, "Mama, gari yenyewe iko wapi?" Nikamujibu, "Inakuja nyuma, weye pita!" Watu wakacheka, na minye nikacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumapili, misa imekwisha, nimesimama tena na mukia juu ya kichwa, kulikuja kundi la vijana, vumbi mpaka kwenye kope. Katikati binti mumoja mwembamba, ameshika bega la mwenzake. Nilimujua kwa mwendo. Nilitaka kukimbia, lakini nikauinua mukia juu zaidi. Nikangoja anione. Alikuwa amenielekea kabisa, hatua thelathini, ishirini na tano, na uso wake haukubadilika. Ni uso ule ule wa sokoni, ule wa kimya, ule niliomuchapia. Hata mbele yangu, mama yake, ulikuwa vile vile; basi haikuwa kiburi.

Kisha akainua uso juu, kwenye pinki, akasimama.

"Papa?" akauliza.

Mukubwa anangoja, nilimufundisha hivyo. Sikungoja.

"Jambo, Mapendo!" nililia kwa sauti mpaka barabara nzima ikageuka. "Jambo, mutoto wangu! Ni minye!"

Hakukimbia. Aliliacha bega la mwenzake, akaja polepole, mikono mbele, kwa sababu siku zote nane za njia alikuwa amechoka kudanganywa na vivuli. Akafika, akaishika mikono yangu yenye mukia, akasogeza uso, akasogeza tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa yangu. Hapo ndipo macho yake yalinishika. Kumbe binti yangu ananiona kutoka hapo tu.

"Jambo, mama," akasema.