Gari Lenye Nge Puani

Kwa miaka kumi na tisa Taratibu aliendesha gari la maiti, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akichelewa kufungua mlango wa nyuma. Jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa sababu ya mwendo wake: gia ya pili, mguu mwepesi, kilomita ishirini kwa saa kutoka geti la wafiwa mpaka makaburini, hata barabara iwe tupu. Walimtania kwamba hata chai anakunywa kwa gia ya pili. Hakukasirika. Aliamini kwamba maiti hana haraka, na walio hai wanaomfuata nyuma wanahitaji muda.

Kampuni yao ya mazishi ilikuwa na miiko, na mkubwa wao aliwakaririsha wapya siku ya kwanza kabla hata hawajaoneshwa choo kilipo. Nyumba ya msiba huingii na njaa, huingii na kiu, huingii na macho. Maji hupokei. Kiti hukalii. Na kitu cha marehemu, hata kiwe kijiko, hununui. Dereva mmoja alishafukuzwa kwa sababu ya jokofu. Lilikuwa jokofu zuri la milango miwili, na mjane mwenyewe ndiye aliyemtajia bei, lakini mkubwa alisema mtu aliyekuja kuchukua mwili hawezi kuondoka na jokofu. Taratibu ndiye aliyecheka kuliko wote siku ile. Usicheke kilema, hujafa hujaumbika.

Asubuhi moja walikwenda kumsindikiza kijana fundi umeme, miaka thelathini na minne, aliyemalizwa na figo. Jeneza lilikuwa sebuleni kwa mama yake. Taratibu alisimama uani nyuma ya gari la kazi, mkono kwenye kitasa, akingoja. Ndipo alipoliona. Kando ya ukuta, nusu kivulini, palikuwa na gari dogo la Kiitaliano la milango mitatu, la kijivu, vioo vya pembeni vyekundu, bomba la moshi nene kuliko umbo lake, na puani nembo ya nge mweusi aliyeinua mkia. Halikuwa jipya. Rangi ya boneti ilishaanza kuchoka, na bampa la mbele lilikuwa na alama za matuta. Lakini lilikaa chini, magurudumu yamejaza matao yake, kama mtu aliyechutama akisubiri kuambiwa kimbia.

Taratibu hakuwa mtu wa magari. Gari kwake lilikuwa kazi, kama jembe. Kwa hiyo hakuwa na kinga. Macho yakaenda, moyo ukafuata, na wabebaji walipofika na jeneza mabegani walikuta mlango umefungwa na dereva kageukia ukutani. Mmoja akakohoa. Taratibu akashtuka, akafungua. Ilikuwa ni kama sekunde tatu, au nne. Masikio yalimwaka mpaka makaburini.

Wiki tatu alishindana na nafsi yake, nayo ikamwangusha. Siku ya mapumziko alivaa shati safi akaenda kwa mama wa marehemu, akajiambia anakwenda kumjulia hali. Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu; nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, na mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwikoni utadhani bado kuna mtu chumba cha pili anamngoja.

"Ni wewe dereva," alisema. "Kaa. Mimi nilikuwa nawapokea, wewe unawasindikiza. Huko katikati wanasumbuana wenyewe."

Taratibu akakaa. Mwiko wa kwanza. Akaletewa maji, akanywa. Wa pili. Mama akasema nyumba imekuwa kubwa, kwamba vyombo vya umeme ameshavigawa kwa mafundi wenzake mwanawe, na limebaki hilo gari, ambalo yeye hata kuliwasha hajui.

"Kama hutajali, mama," Taratibu alisema, na sauti yake ikatoka laini, ile ya kazini, "ningelichukua mimi. Usije ukawa unaliona kila asubuhi, ukaumia."

Mama Mkunga alimtazama usoni.

"Kwa hiyo unalichukua kwa ajili yangu."

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema, akataja bei ya chini mno, na Taratibu akaikubali akiwa ameinamisha kichwa.

Uongo una miguu, na huu ulikuwa na mbio kuliko gari lenyewe. Kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulishajua kwamba dereva wa gari la maiti amemwondolea mama wa watu mzigo wa machozi. Mkubwa akamwita ofisini. Taratibu akaingia akijua ni barua ya kufukuzwa, lakini mkubwa akasimama, akampa mkono. "Miiko yetu ni ya kuwalinda wafiwa dhidi ya tamaa," alisema. "Wewe umefanya kwa huruma. Huruma haina mwiko." Taratibu akaupokea mkono ule. Laiti angesema neno moja pale, mambo yangekwisha. Hakusema.

Nyumbani mkewe alilizunguka gari mara mbili. "Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Baba Watoto, leo unaniletea nge?" Alipoingia ndani magoti yakakaribia kidevu, na siti ngumu ikamfanya ataje matuta ya mtaa wao moja moja kwa majina aliyoyatunga. Lakini alicheka. Fundi wa gereji hakucheka. Alifungua boneti, akasikiliza injini akiwa amefumba macho, kisha akasema: "Hawa Waitaliano hawataki mchezo, mzee. Mkanda wa ndani ubadilishe kwa tarehe, usingoje ulie. Ukilia, injini huna." Wakaubadilisha. Wakabadilisha na plagi, na mpira mmoja wa maji uliokuwa umeanza kutoa jasho.

Halafu ikaja Jumapili ya kwanza. Taratibu alitoka nje ya mji alfajiri kukiwa kweupe, barabara imenyooka, akabonyeza kile kitufe cha kwenye dashibodi kinachoiongezea injini nguvu, na akakanyaga. Usukani ukawa mzito mikononi. Bomba likapiga kelele za kupasuka kama mahindi kwenye moto. Alihisi mgongo wake ukibanwa kwenye siti na kicheko kikimtoka bila ruhusa, yeye peke yake, mtu wa miaka hamsini kasoro miwili. Alifurahi. Tuseme tu ilivyokuwa: alifurahi kama hajawahi kufurahi tangu aanze kazi ya kubeba huzuni za watu.

Jioni ile simu ikaita. Mama Mkunga.

"Linaendeleaje?"

"Liko salama, mama."

"Umeliendesha?"

"Kidogo tu, mama. Kwenda dukani."

Kwa nini alisema hivyo? Aliona haya. Mfiwa humwambii kwamba umecheka ndani ya kitu cha mwanawe. Mama akaaga. Jumapili iliyofuata akapiga tena, na iliyofuata, swali lilelile, na kila mara Taratibu alilipunguza gari: kwenda dukani, kwenda kanisani na mama watoto, kwenda kujaza upepo. Huku nje alikuwa akitafuta kona mpya kila wiki.

Siku moja, akisafisha sanduku dogo la kwenye dashibodi, alikuta daftari. Marehemu alikuwa ameandika kila kitu kwa herufi za fundi, ndogo na zilizonyooka. Oili, tarehe. Breki za mbele, tarehe. Na katikati ya hayo mistari mingine: "Leo nimekwenda mpaka darajani na kurudi. Sikuwa na safari. Raha tu." Mwezi mmoja baadaye: "Darajani tena. Raha tu." Mistari hiyo ilikuwa mingi. Ya mwisho mwandiko ulikuwa umelegea: "Leo sikuweza kukanyaga klachi."

Taratibu akalifunga daftari. Alijiona mwizi. Aliona kwamba alisimama uani kwa watu, jeneza la mtu likitolewa, akaitamani raha ya yule aliyemo ndani, kisha akaenda kumdanganya mama yake, na kwa uongo huo akapewa mkono wa heshima. Alinunua turubai, akalifunika gari, akalifunga kamba pande nne. Wiki ya tatu betri ikafa. Simu za Jumapili akawa anampa mkewe apokee.

Mkewe alivumilia mara mbili. Mara ya tatu aliweka simu mezani. "Mimi siwezi kukusaidia kudanganya mama wa watu. Nenda kamwambie. Akikutukana, utatukanwa mara moja. Huku unajitukana kila siku, na chakula unaacha."

Akaenda. Alikwenda kwa miguu, funguo na daftari mfukoni. Hakuivaa tena ile sauti ya kazini. Alikataa kiti, akasimama mlangoni, akasema yote: jinsi alivyoliona, mlango uliochelewa, wiki tatu, shati safi. "Sikulichukua kwa ajili yako, mama. Nililitamani. Mwanao yuko mabegani mwa watu, mimi nalitamani gari lake. Funguo hizi hapa. Ukitaka kumwambia mkubwa wangu, ni haki yako, na kazi nitaiacha."

Mama Mkunga hakupokea funguo.

"Nilikuona," alisema.

Taratibu akainua uso.

"Miaka arobaini nimesoma nyuso za watu wakiwa kwenye maumivu, dereva. Unadhani uso wako ungenipita? Nilikuwa mlangoni nyuma ya jeneza. Watu wote wameangalia chini. Wewe umeangalia gari la mwanangu, umefungua mdomo. Nikasema moyoni, yupo mmoja hapa aliyeona kwamba mtoto huyu aliishi. Wengine wote waliona amekufa tu." Akafuta mikono kwenye gauni, ingawa ilikuwa mikavu. "Dalali alikuja siku mbili kabla yako. Alitoa zaidi ya mara mbili. Nikamfukuza. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Basi, mama, kwa nini..."

"Nilitaka useme unalitaka. Ukaniletea huruma. Huruma ninazo, baba, zimejaa humu ndani mpaka dari. Kila Jumapili napiga simu, nasema leo ataniambia amekimbia nalo wapi, na wewe unaniambia dukani." Akachungulia nje ya geti. "Na sasa liko wapi? Mbona umekuja kwa miguu?"

Taratibu alijibu kwa shida. "Nimelifunika, mama. Turubai. Wiki ya tano hii."

Hapo ndipo mama alipokasirika, na ilikuwa hasira ya mkunga, ile inayowatikisa wanaume kwenye korido. "Umelifunika? Na kamba umefunga? Mimi nimezika mtoto mmoja, wewe unanizikia na gari lake? Nani amekutuma?" Alishika ukingo wa mlango. Akaendelea kwa sauti ya chini. "Wiki yake ya mwisho aliniomba nimshike mkono nimpeleke akakae ndani yake. Kukaa tu. Nikamwambia ukipona. Mimi ninayejua mtu anayepona na asiyepona, nikamwambia ukipona."

Taratibu, ambaye alikuwa na maneno ya kila msiba, akalia mbele yake bila kujificha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia kwa wafiwa.

"Kesho, saa kumi jioni," mama alisema. "Lipite hapa."

Asubuhi jirani alimwazima nyaya, wakaunganisha betri, na gari likakohoa mara mbili likawaka. Saa kumi kamili Taratibu aliingia mtaa wa Mama Mkunga. Ni mtaa mrefu, umenyooka, na siku ile ulikuwa mtupu, kwani mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiamuru watoto wafungiwe ndani. Mwenyewe alikuwa amesimama getini, mikono imekunjwa viwikoni.

Taratibu alimwona, na mwili ukafanya kile ulichofundishwa kwa miaka kumi na tisa kila uonapo mama aliyesimama kwenye geti lile au mageti mengine kama lile. Gia ya pili. Mguu mwepesi. Kilomita ishirini.

Mama Mkunga akatoka mpaka katikati ya barabara, akainua mkono.

"Si hivyo!" alipiga kelele, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Hivyo ndivyo ulivyompeleka! Rudi, uanze upya!"

Taratibu akarudi nyuma mpaka mwanzo wa mtaa. Akangoja mama apande kibarazani. Kisha akabonyeza kitufe, akaingiza gia ya kwanza, akakanyaga mpaka mwisho, na alipofika usawa wa geti hakugusa breki.