Dakika Kumi za Kompyuta

Mwaka ule wa 1999 shule yetu, nje kidogo ya Bariadi, ilikuwa na kompyuta moja na haikuwa na umeme. Kompyuta tulipewa na masista wa misheni. Umeme ulikuwa kwa jirani, kwenye kinu cha kuchambulia pamba, ambacho jenereta lake liliunguruma kuanzia Julai mpaka pamba iishe. Mwalimu Januarius wa fizikia alikwenda kumbembeleza meneja wa kinu, siku baada ya siku, hadi akakubali waya uvutwe juu ya nguzo za mikaratusi mpaka ofisi ya mwalimu. Kwa hiyo sisi tulisoma kompyuta kwa msimu, kama watu wanavyokula maembe.

Kidato cha nne tulikuwa thelathini na wanane. Kila mmoja alipangiwa dakika kumi kwa kufuata orodha ya mahudhurio, na mimi, Kwandu Luhaga, nilikuwa wa ishirini na moja. Wakati tukisubiri zamu, mwalimu alituchorea vitufe vyote kwa chaki juu ya madawati, tukajifunza kubonyeza mbao.

Nyumbani pamba ilijaa chumba kizima mpaka karibu na paa. Jumamosi mchana nilikuwa najilaza juu yake, joto lake likinipanda mgongoni, vidole vyangu vikiandika. Kila herufi ilizama taratibu ikapotea, nami nikaamini kabisa kwamba huko chini zinakusanyika, zinanisubiri. Mlio wa kinu ulifika mpaka pale ukiwa mwembamba, na ndani ya mlio huo niliuona mwanga wa kioo cha kompyuta. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, na nasema hivyo bila haya.

La kuandika nilipewa na bibi yangu Doto, mama yake baba. Hakujua kusoma.

"Ng'wanone, mwanangu," aliniambia akisaga mtama, "ukifika kwenye hicho kioo, andika jina langu. Na mimi niwe nimefika."

"Nitaliandika, bibi."

"Litabaki humo?"

"Litabaki. Kompyuta haisahau."

Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa mwalimu, nikayasema kama vile nimeyagundua mimi.

Sasa niseme la pamba. Soko lilikuwa huria na wanunuzi walikuwa wamejazana. Aliyekagua sana aliachwa, mkulima akahamia mzani wa pili, basi wote wakafumba macho na sisi tukajifunza ujanja. Wengine walinyunyizia pamba maji, wengine walitia mchanga. Baba aliniachia kazi ya kufunga magunia.

"Weka kauzito kidogo, mayu, mama yangu," alisema, kama mtu anayekuambia uongeze chumvi.

Nami nilipenda kuonekana hodari. Nilichukua nusu ya jiwe la kusagia la bibi, lile dogo la kushika mkononi, ambalo lilipasuka mwaka uliotangulia likatupwa nyuma ya jiko. Nikalizika katikati ya gunia la mwisho. Mzani ulilipokea, na baba alinisifu njia nzima tukirudi.

Zamu yangu ilifika Alhamisi ya mwisho wa Agosti, saa nne asubuhi. Ofisi ilinuka chaki na mafuta ya taa. Vitufe vilikuwa vyepesi na vilirudi juu vyenyewe, jambo ambalo dawati halikutufundisha. Dirishani alisimama rafiki yangu Eufrasia, wa ishirini na mbili, akinihesabia dakika kwa vidole.

Nilibonyeza herufi ya kwanza ikatokea. Sikuharakisha, nilitaka kuiangalia. Ilikuwa nyeupe, imesimama peke yake kwenye bluu ile kubwa, kijistari kikipepesa pembeni yake, nami nikahisi kwamba bibi amechungulia mlangoni. Nikabonyeza ya pili. Kisha kutoka upande wa kinu ukasikika mkwaruzo mkali wa chuma, ule mlio wa siku zote ukakatika, na kioo kikawa cheusi.

"Umezima nini?" Eufrasia aliuliza.

"Sijagusa kitu."

Nilikuwa naamini hivyo.

Misumeno ya kinu ilikuwa imevunjika. Mingine iliagizwa Mwanza, ikachelewa, meneja akafunga msimu mapema. Sisi tulimaliza shule mwaka huohuo. Watu kumi na saba waliobaki kwenye orodha, Eufrasia akiwa wa kwanza, hawakuigusa kompyuta kabisa.

Ijumaa, kesho yake ya zamu yangu, mwalimu alikuja mstarini ameshika jiwe.

"Hili limetoka kwenye pamba," alisema. "Kuna anayelijua?"

Upande mmoja lilikuwa limelika hadi likawa laini, na ulaini ule niliujua, ulitoka kwenye kiganja cha bibi. Sikunyosha mkono. Niliogopa baba atafungiwa mizani yote, na Eufrasia, aliyesimama bega kwa bega na mimi, nilimwogopa zaidi. Mwalimu alitusubiri, akitutazama mmoja mmoja bila hasira, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Mwishowe alirudi ofisini, akaifunika kompyuta kitambaa cheupe, akaweka jiwe juu yake ili upepo usikipeperushe. Lilikaa pale mpaka nilipoondoka.

Bibi alinipokea uani jioni ile, mtama ukiwa mbele yake.

"Uliandika?"

"Niliandika, bibi."

"Bado limo?"

Akilini nilikiona kile kitambaa, na jiwe lililokikalia.

"Kitu chako kipo pale," nilisema. "Hakijatoka."

Alicheka kidogo, akaridhika, akaendelea kusaga kwa jiwe jipya ambalo mkono wake ulikuwa bado haujalizoea.