Vidole Vinne Juu ya Sakafu

Jumamosi saa kumi alasiri Anjela alikuwa ameketi kwenye benchi la studio ya dansi ya Chumbageni, daftari la ada ya mashindano ya Arusha mapajani, alipoona watoto hawakanyagi sakafu. Walikuwa kumi na wanne. Kumi na watatu, Lea wake akiwemo, walicheza vidole vinne juu ya saruji. Blessing peke yake, binti wa Mwalimu Wilfred mwenye studio, ndiye aliyesikika kishindo.

Hakuna aliyepiga ukunga. Akina mama walitazama, wakaelewa: mtoto ambaye ada yake haijafika Arusha hatui. Tatizo ni kwamba wote walikuwa wamelipa, tena mkononi mwa Anjela, mhazini wao.

Jumatatu Shamsiya, mwenyeji wa Kigombe, alikuja na chubwi, risasi za kuzamishia mishipi ya kaka yake mvuvi, akamfunga mwanawe Muhanad vifundoni. Risasi zile zilining'inia mpaka sakafuni. Muhanad akabaki pale pale juu.

"Mama Lea, hela yangu nilikupa mkononi."

"Ulinipa, Mama Muhanad."

"Basi mbona mwanangu hashuki?"

Anjela alimfuata Wilfred ofisini, akamfungulia ukurasa aliotia sahihi kwamba amepokea ada za wote. Pikipiki mpya ya mwalimu ilikuwa imeegeshwa humo humo ndani, kando ya kabati, isipigwe na jua.

"Sahihi ni yangu," Wilfred alisema. "Ukiwaonyesha, jina la Lea nalikata leo. Zimebaki siku tisa. Waambie kuna mchango wa nyongeza."

Lea ana miaka kumi na miwili, na tangu ajue kusimama hajataka kingine ila kucheza. Anjela alilirudisha daftari mkobani. Alijichukia, lakini alilirudisha.

Wazazi walinung'unika, wakalipa tena. Safari hii kila aliyelipa, mtoto wake alishuka siku hiyo hiyo, na mama mtu akaenda zake kupika. Anjela aliuza cherehani. Lea alitua Alhamisi, akajikwaa kidogo, akaendelea na zoezi.

Asubuhi ya safari Kosta ilikuwa inaunguruma nje ya studio. Wilfred alisimama mlangoni pa gari akiita majina na kuyatia alama. Lilipobaki la Lea tu, Shamsiya alisogea.

"Mama Lea, haki ya Mungu, mbele ya wenzako. Zile za kwanza alikula nani?"

Kalamu ya Wilfred ilisimama. Lea alikuwa ameshaweka mguu mmoja ngazini.

"Mimi," Anjela alisema. "Nisameheni."

"Tumeshakusamehe," Shamsiya alijibu, akampa mgongo.

Wilfred aliita jina la mwisho. Lea alipanda, akakaa dirishani, upande ule ule aliosimama mama yake. Kosta ilipoondoka watoto wote walipunga mikono. Lea hakupunga.