Swali la Moffat Pale Chaka

Hotuba nzuri huandikwa na mtu mwenye hasira aliyekwisha kunywa chai. Mimi sikupungukiwa na chochote kati ya hivyo viwili, ndiyo maana mwaka wa sabini na nne, Moffat Kingori alipoutaka udiwani wa kwetu Chaka, alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na moja kabla ya kuacha chaki. Moffat alikuwa amesoma ng'ambo, ana suti mbili na sauti ya kuvutia, lakini bila karatasi anapotea. Nikakubali kumwandikia kwa sharti moja: akishinda, kazi ya kwanza iwe kuleta maji ya bomba upande wetu wa barabara. Mama yangu, na miaka yake sitini na minane, bado alikuwa akiteremka mtoni kila asubuhi na mtungi mgongoni, mshipi wake ukipita kichwani. Bomba lilikuwa limefika kwa diwani Ngatia miaka minne kabla ya hapo, likaishia hapo hapo.

Nikamfunza Moffat kama nilivyofunza watoto. Usiseme "nitaleta", sema "tutaleta", ili kila mtu ahisi ameshashika koleo. Jambo kubwa liseme mara tatu, na mara ya tatu ushushe sauti, maana watu watanyamaza ili wakusikie. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Kule Kiganjo walimpigia makofi mpaka akaanza kuamini kwamba maneno ni yake.

Siku mbili kabla ya mkutano wa Chaka akaniletea karatasi. Mwishoni alikuwa ameongeza swali lake mwenyewe: diwani wenu amewafanyia nini miaka hii yote?

"Hili litoe," nikamwambia.

"Mwalimu Wacera, hiyo ni swali ya kuwanyamazisha. Kule nilisomea wanasiasa wote wanauliza hivyo, na hakuna mtu anajibu."

"Hapa watajibu."

Nilikuwa namwambia kitu alichokijua tangu utotoni, ila suti ilikuwa imemsahaulisha. Kwetu, swali likiulizwa mbele ya baraza lazima mtu ainuke alijibu, na akiinuka hakatizwi hadi aketi mwenyewe. Kulinyamazia ni kumdharau aliyeuliza. Moffat akacheka, akakunja karatasi yake, akaenda zake.

Siku ya mkutano soko la Chaka lilijaa. Moffat alianza vizuri, akasema "tutaleta" mara tatu, akashusha sauti pale pale nilipomwambia. Kisha akauliza swali lake, akasimama mikono kiunoni akingoja kimya.

Cucu Waithira, mama mkongwe ambaye nusu ya soko lile ilimwita bibi, akainuka taratibu kwa fimbo.

"Umeuliza, na mimi niko na jibu," akasema. "Mzee wangu akiwa mgonjwa, Ngatia alimpeleka hospitali na pikapu yake. Mara mbili. Mara ya tatu akamrudisha kwa sanduku, na akakataa hata nimpe kuku. Hiyo ndiyo amenifanyia."

Hakuketi. Akataja josho la ng'ombe, akataja paa la kanisa, na watu wakaanza kuitikia kwamba ni kweli. Moffat akaitazama karatasi, haikumsaidia. Akanitazama mimi. Niliona maji ya mama yangu yakienda hivi hivi kwa ajili ya kiburi cha mtu mmoja, na hasira ikanipanda mpaka masikioni.

Cucu alipoketi, nikainuka. Sikuwa kwenye orodha ya wasemaji, lakini kuuliza ni haki ya kila mtu barazani.

"Cucu, pole kwa mzee, na Ngatia tunamshukuru kwa hiyo pikapu," nikasema. "Niko na swali moja tu. Leo asubuhi maji umetoa wapi?"

Hakuwa mtu wa uongo. "Mtoni," akajibu, akiinuka tena kwa fimbo. Akavua kitambaa, akatuonyesha utosini alama ya mshipi wa mtungi, kama mtaro, iliyochimbwa na miaka. "Na kila siku napita kwa geti ya Ngatia, nasikia mfereji yake ikimwaga."

"Nani mwingine ametoa mtoni?"

Wanawake wakainuka, wa mbele, kisha wa nyuma, wakivua vitambaa mmoja mmoja. Wanaume waliokuwa wakimsifu Ngatia wakaanza kutazama viatu vyao. Hilo sikuwa nimeliandika popote, na nakiri lilinifurahisha sana.

Lakini Cucu alikuwa bado amesimama.

"Sasa mimi nauliza, na siulizi huyu wa suti, nauliza wewe, mwalimu. Ati unajua shida yetu yote hivi, mbona unatuma mtu mwingine aiseme?"

Swali lilikuwa limeulizwa barazani, kwa hiyo sikuweza kunyamaza. Jibu nilikuwa nalo kwa miaka mingi: kwamba watu wa Chaka hawatamsikiliza mwanamke. Nikawatazama. Walikuwa wametulia tuli, wananisikiliza.

"Sina sababu," nikasema, nikaketi.

Fomu za wagombeaji zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Jumatano nikaenda Nyeri pamoja na Cucu Waithira, nikajaza yangu, naye akaidhamini kwa kidole gumba. Alhamisi Moffat akabisha mlangoni, mpole kabisa, kana kwamba yale ya sokoni yalikuwa mzaha. Akauliza kama hotuba ya Jumamosi iko tayari.

"Iko tayari," nikamwambia. "Njoo unisikilize."