Pua ya Beatha

Mwaka ule plamsi zilizaa mpaka matawi yakainamia ardhi. Jenoveva aliyategemeza kwa magongo, lakini hata hivyo kila asubuhi alizikuta zimetapakaa nyasini, nyekundu na zambarau, zimelowa umande, nyuki wakiyumba juu yake kama walevi. Soko la Lushoto lilikuwa limefurika. Hakuna aliyetaka ndoo nyingine ya plamsi hata kwa bei ya kutupa. Ndipo Yunis, binti yake aliyekuwa nesi huko Mombo na aliyetarajia kuolewa baada ya Pasaka, akasimama mlangoni akasema, "Mama, tununue divai ya harusi ya nini? Divai si ndiyo hiyo inaoza hapo nje?"

Jenoveva alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda kutafuta ndoo.

Yunis alisoma maelekezo kwenye simu, mama akatenda. Waliosha plamsi, wakaziponda kwa mikono ndani ya ndoo zilizokuwa za mafuta ya kula, wakamwagia maji ya moto na sukari. Waliongeza chai ya rangi iliyokolea, ili divai ipate ukakasi, na hamira ileile ya maandazi. Baada ya siku sita walihitaji kitambaa chepesi cha kuchujia, na kilichopatikana ni shela ya harusi ya Jenoveva mwenyewe, iliyokuwa imeliwa na mende pembeni. Haikuwa nyeupe tena baada ya hapo. Walijaza madumu manne. Katika kila kifuniko Yunis alipitisha mpira mwembamba wa dripu alioununua duka la dawa, na ncha ya mpira akaizamisha ndani ya chupa ya maji.

"Hewa itoke, isiingie," alisema. Siku ya pili yake akarudi kazini.

Madumu yakabaki stoo, kando ya viazi, na yakaanza kusema. Blup. Blup. Jenoveva alizoea kupeleka kigoda na kuketi mbele yao kila alfajiri, wakati ukungu wa Irente, kijiji chao cha mlimani, ulipokuwa ukiingia dirishani bila kubisha hodi. Harufu yake hakuijua. Miaka minne nyuma aliugua homa ya mapafu, na alipopona aligundua kwamba pua yake imefunga mlango na kuondoka na ufunguo. Tangu hapo kahawa kwake ilikuwa maji ya moto, na moshi aliutambua kwa macho kuwasha. Kwa hiyo divai aliijua kwa masikio. Dumu la kwanza lilihesabu upesi kama mtoto wa chekechea. La pili lilitwanga. La tatu lilishusha pumzi, likanyamaza, likashusha tena. La nne liliguna tu, kama mtu anayekubali jambo asilolisikiliza.

Kuna asubuhi kope zilimlemea palepale kigodani. Katika sauti zile akasikia uwanja wa mama yao wa zamani: miwa inatwangwa, mtungi unachemka bila moto, na Beatha, mdogo wake, anacheka kwa kile kicheko chake cha kukwama kwama. Alipozinduka ukungu ulikuwa umejaa stoo nzima, na shavu lake lilikuwa limelowa. Hakujua kama ni ukungu au la.

Mwezi wa tatu dumu la tatu lilinyamaza. Juu ya la pili kukatokea utando mwembamba, kama ngozi ya maziwa. Jenoveva alionja, na ulimi ukamwambia kuna ukali, lakini ukali wa nini haukuweza kusema. Akamwita mumewe, Edgar, fundi seremala ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kuonja kileo.

Edgar aliinama, akanusa. "Inanuka divai."

"Na hili la pili?"

"Divai."

"Na hili lililonyamaza?"

"Mama Yunis," alisema Edgar kwa upole, "mimi najua harufu ya mbao."

Pua ambayo ingeweza kumsaidia ilikuwa moja tu, na ilikuwa chini ya mlima. Beatha aliishi Mazinde, kando ya barabara kuu, akipika pombe ya miwa kama alivyofundishwa na mama yao. Kwa miaka tisa dada hawa wawili hawakuwa wamesemeshana. Miaka hiyo tisa iliyopita Jenoveva alikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama parokiani, na siku moja alisimama ukumbini akasema kwamba nyumba zinazopika pombe ni visima vya machozi, na kwamba anayeipika anauza watoto wa wenzake. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kila mtu ukumbini alimjua mdogo wake. Tangu siku ile Beatha hakupanda mlima tena.

Jenoveva alijaza chupa nne ndogo, moja kwa kila dumu, akazipanga kwenye kikapu, akajitwika, na akashika njia ya miguu inayoshuka jabalini kutoka Irente hadi Mazinde.

Ukungu ulikuwa mzito. Alitembea kama ndani ya maziwa. Jiwe lilijitokeza mbele ya kidole cha mguu, akalikanyaga, likatoweka. Kengele ya mbuzi ililia mahali fulani, na mbuzi hakumwona. Sauti ya mtoto ilimwita mtu, na mtu hakuitika. Ilimjia fikra kwamba bado ameketi kigodani, na kwamba njia hii yote ni ndoto ya madumu. Halafu, kwenye kona moja, ukungu ulikatika kama kitambaa, na bonde likawa pale chini, la manjano, na mistari ya katani imenyooka hadi macho yanapochoka.

Joto lilimpokea. Alipokuwa amefika karibu nusu ya mteremko alisikia kikapu kikifanya psss, kisha pah! Kizibo kimoja kilifyatuka, na povu la divai likamwagika kichwani, likateremka shingoni, likalowesha gauni mpaka kiunoni. Alijipangusa kwa majani. Kufika chini jua lilikuwa limeshamkausha, naye akaona mambo yamekwisha.

Alikutana na wanawake wawili wenye mizigo ya kuni. "Onga mshi," aliwasalimia kwa Kishambaa. Walimjibu, lakini wakatazamana. Mbele kidogo mwanamume mmoja mwenye baiskeli alimpisha kwa kutoka kabisa njiani. Kwenye nyumba za kwanza za Mazinde kijana wa bodaboda alimwambia kwa huruma, "Taratibu, mama yangu, jua kali." Jenoveva akashangaa jinsi watu wa huku walivyo na adabu.

Beatha alikuwa uani, anachuja pombe, mikono imelowa hadi viwikoni. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Aliinua kichwa, akamtazama dada yake kwa muda mrefu. Hakutoa shikamoo. Alivuta hewa puani mara moja tu.

"Dada," alisema. "Unanuka pombe."

Jenoveva alijitazama gauni. Akawakumbuka wanawake wa kuni, na mtu wa baiskeli, na kijana wa bodaboda, mmoja baada ya mwingine, na uso ukamwaka.

"Umetoka hivyo Irente?"

"Kuanzia katikati ya mlima."

"Na watu wamekuona?"

"Wengine nimewasalimia."

Beatha aliweka chujio chini. Kile kicheko cha kukwama kwama kilimtoka, kikamshinda, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kujishika mbavu. Alipomaliza alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Wakakaa kivulini. Jenoveva alikunja na kukunjua pindo la kanga. "Beatha, siku ile ukumbini..."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Benchi la nyuma, karibu na mlango. Nilisikia dada yangu atazungumza mbele ya paroko, nikapanda kuja kukupigia makofi. Nilivaa kile kitenge ulichonipa."

Malori yalipita barabarani, moja, mawili. Jenoveva akasema neno la kipuuzi: "Sikutaja jina lako."

"Afadhali ungenitaja. Ningejua kwamba unanikumbuka." Beatha aliangalia mikono yake. "Ada yako ya sekondari ilitoka mtungini mwa mama. Siku ile ulikuwa umesahau?"

"Sikusahau," alisema Jenoveva. "Ndiyo maana nilisema kwa sauti kubwa vile. Niliona aibu, watu wasije wakajua nilisomeshwa na nini. Nilikukosea, Beatha. Naomba unisamehe."

Beatha alikivuta kikapu, akafungua chupa moja baada ya nyingine, akanusa akiwa amefumba macho.

"Hii imeshakuwa siki. Hii nzuri, ila ina haraka. Hii imesinzia, haijafa. Baridi yenu imeilaza." Kisha akainama, akanusa bega la dada yake. "Na hii ya kwenye gauni inazizidi zote."

Kesho yake mapambazuko walipanda pamoja, polepole kwa ajili ya magoti ya Beatha, wakiongea kidogo na kupumzika sana. Walipoingia ndani ya ukungu Beatha alishika kanga ya dada yake kwa nyuma, kama alivyofanya walipokuwa watoto.

Alikaa Irente siku tano. Dumu lililosinzia alilihamishia jikoni, akalizungushia blanketi, akalitilia kata moja ya divai iliyo hai. La siki alilitenga kwa ajili ya kachumbari. Siku ya tatu, alasiri, Jenoveva akimenya viazi, alisikia nyuma yake: blup.

"Limeamka!"

Beatha alichota kidogo kwenye kikombe. Jenoveva akakishika, akakiinua hadi puani kwa mazoea, akakirudisha kwa mdogo wake. "Niambie inanukaje."

Beatha alinusa. "Inanuka kanisa siku ya mavuno, kabla watu hawajaingia. Inanuka gome la mti lililonyeshewa." Alinusa tena. "Na chini kabisa, mama anafunua mtungi."

Jenoveva alifumba macho. Hakusikia harufu yoyote. Lakini aliona mkono wa mama yao, na kifuniko cha majani ya mgomba kikiinuliwa, na mvuke; akabaki hapo, hataki kufumbua, huku mdogo wake akingoja bila kumharakisha.

Harusini divai ilitosha, kwa kuwa walimimina kwenye vikombe vidogo vya kahawa. Wakati wa kutambulisha ndugu Jenoveva alipewa kipaza sauti. Mbele yake walikuwepo akina mama wengi wa siku ile ya ukumbini.

"Huyu ni mdogo wangu, Beatha," alisema. "Divai mnayokunywa ameiokoa yeye. Anapika pombe, kama mama yetu alivyopika, na pombe ya mama ndiyo iliyonisomesha mimi. Niliwahi kusema vingine mbele yenu. Nilisema vibaya."

Beatha hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua paja la kuku, lakini hakuna nyama iliyofika mdomoni. Kisha Edgar, ambaye hakuwa mtu wa sherehe, akaanza kupiga makofi peke yake kwa ile mikono yake mikubwa ya useremala, na wengine wakamfuata.

Wiki iliyofuata wanawake watatu wa umoja walifika kwa Jenoveva. Plamsi zilikuwa zimekwisha, walisema, lakini mapeasi je, yanafaa? Na mtu anajuaje kama imeiva?

"Mimi sijui," alisema Jenoveva, akiwasogezea viti. "Mtamuuliza Beatha. Anapanda mlima Jumamosi."