Rambla Inatoka

Vumbi ndilo linalotangulia. Linapanda kutoka bondeni, jeupe, jepesi, linatua juu ya milozi na juu ya shuka alizoanika Angustias, na kabla hajayaona magari yenyewe tayari amekunja uso. Wanakuja. Oktoba imeingia, kwao baridi imeanza, na wanakuja.

Wanakuja na nyumba zao za magurudumu, nyumba zenye choo, zenye jiko, zenye mapazia ya maua, wameacha nyumba nyingine kubwa huko kaskazini zikiwa tupu. Wanakuja Almería, pembe ya kusini ya Hispania ambayo hata wingu huipita mbio, na wanavua mashati. Kitabu chao cha safari kimewaambia: jua mwaka mzima, ardhi tambarare, kimya. Jua, kana kwamba jua ni zawadi. Jua hilo hilo lililomkausha baba yake Angustias akafanana na kamba ya mbuzi, wao wanajipaka mafuta na kulilalia.

Na hiyo tambarare wanayoipenda, yenye changarawe laini na kingo mbili ndefu za kuzuia upepo wa mashariki, ni rambla. Ni mto. Ni mto usio na maji, mwaka huu hauna, mwaka jana haukuwa nayo, lakini kila mtoto wa pale anajua kwamba mle hata kamba ya nguo haifungwi. Wao wanafungua viti.

Kila Oktoba Angustias alishuka na ufagio mkononi. "Tokeni! Nyie watu, tokeni, hapa si kwenu." Na kila Oktoba Joop, Mholanzi mwenye magoti mekundu, aliinua kikombe chake. Miaka yote hiyo alikuwa amejifunza neno moja tu la pale. "Kesho, mama. Kesho." Mkewe Marijke alicheka kwa adabu, mbwa wao mdogo akabweka, na kesho haikufika. Angustias aliwadharau mpaka dharau ikawa moja ya kazi zake za msimu, pamoja na kuvuna lozi.

Siku moja ya Oktoba hii wengine walikuwa wameendelea na safari, wamebaki Joop na Marijke; anga ilikuwa ya bluu na bahari imetulia. Lakini nyuma ya milima palikuwa peusi, na Angustias alikuwa ameshabandika kikaango, kwa sababu pale mvua ikinukia tu, watu hukaanga migas: unga, mafuta, kitunguu saumu. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mara simu ikalia. Alikuwa Ginés, shemeji yake, mchunga mbuzi wa huko juu milimani.

"Shemeji, imetoka."

"Wee, acha utani."

"Imetoka, nakwambia. Una watu huko chini?"

"Watu? Nina Waholanzi."

"Basi kawatoe hao Waholanzi wako."

Pale husemi mto umefurika. Unasema rambla imetoka, kama ng'ombe aliyevunja zizi, na mzaliwa wa pale akilisikia neno hilo hukimbia kwanza, kuuliza baadaye. Angustias akakimbia. Akasimama ukingoni, akapaza sauti: "Inatoka! Inatoka!"

Joop akainua kikombe. "Kesho, mama."

Hapo ndipo neno lenyewe lilipomchoma. Tokeni, inatoka: lilikuwa karibu lile lile, na sauti ile ile. Alikuwa amelitumia kuwafukuza mpaka akalimaliza, na sasa alipolihitaji liwaokoe, halikuwa na kitu ndani yake. Hakuwapenda. Hata sasa hakuwapenda, wao na viti vyao na magoti yao. Lakini hakutaka wafe mbele ya macho yake huku wakimchekea.

Akashuka. Akamnyakua yule mbwa chini ya meza, akamkumbatia, akaupanda tena ukingo kwa miguu yake ya miaka sabini kama mwizi wa sokoni.

Wakamfuata, Joop akitukana kwa Kiholanzi, Marijke pekupeku akiliita jina la mbwa. Walimfikia juu, kwenye milozi, akihema, na Joop alikuwa ameshamkamata mkono waliposikia mawe yakisagana. Kisha maji yakaja, ya kahawia, mazito, yenye magogo na matete. Yakapita chini ya anga ya bluu, chini ya jua lao la kwenye kitabu, na ile nyumba ya magurudumu ikainuka taratibu, ikageuka upande, ikaenda baharini na mapazia yake ya maua.

Joop akauachia ule mkono. Hakuna aliyesema kesho.

Angustias akawarudishia mbwa wao, akashika njia ya nyumbani. Wakamfuata, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, wakasimama nje ya mlango wake. Vumbi jeupe la rambla lilikuwa bado miguuni mwao, na huko bondeni halikuwepo tena. Walimtazama wakisubiri kufukuzwa.

Migas zilikuwa zimeungua upande mmoja. Akaweka vijiko vitatu kando ya kikaango, akawageukia akiwa na uso ule ule uliokunjwa.

"Ingieni," akasema, na ikabidi awaoneshe kwa mkono, maana neno hilo hawakuwahi kulisikia kwake.