Tuta la Nane

"Na usiniambie umeliokota," nilimwambia binti yangu, nikaliweka mezani ua la boga nililolikuta kwenye mfuko wa aproni yake. "Humu ndani hakuna ua lenye harufu kali hivi."

"Sijasema nimeliokota, mama. Nimepewa."

"Na nani?"

"Fundi bomba."

"Yule wa nje?"

"Kwani kuna mwingine?"

Nilikaa. Tangu ugonjwa wa ukungu uue mashamba ya nje, watu elfu nne tunakula na kuvuta pumzi kwa sababu ya mimea iliyomo kwenye nyumba ya kioo, na msimamizi wake ni mimi. Mhudumu wa mimea haruhusiwi kugusana na watu wa nje, asije akaingiza ukungu. Akigusana, anatolewa siku hiyo hiyo na harudi tena, hata kumwona mama yake. Taarifa naiandika mimi.

"Mmegusana?"

"Mama, ni miezi mitano. Unadhani tunapungiana mikono?"

"Anakupenda, au anakupotezea muda?"

"Kila asubuhi yuko pale mlango wa bomba la maji, iwe mvua, iwe jua. Na ua lake mkononi."

"Unaliweka wapi?"

Aligusa mfuko wa kifuani, ule tunaowekea brashi.

Hasira zikaniisha. Nyuki hatuna. Maboga yetu tunayachavusha kwa brashi hiyo, ua moja moja. Kwa misimu miwili yamekuwa yakidondoka yangali madogo kama kidole gumba, maana chavua yetu imechoka, mimea imezaana yenyewe kwa yenyewe. Tuta la nane tu ndilo lilikuwa linazaa, nami nikamsifu binti yangu mbele ya wenzake kwamba ana mkono mzuri. Kumbe brashi yake ilikuwa inalala na maua ya nje, ikibeba chavua mpya.

Nilimburuta hadi tuta la nane. Niligeuza jani moja baada ya jingine nikitafuta ukungu, kwa miwani na bila miwani. Sikuona hata doa. Maboga kumi na tisa, mazito.

"Ukiandika sitakulaumu," alisema taratibu. "Ila sijui nani atakukanda mgongo."

"Mgongo wangu uache. Yupo mlangoni sasa hivi?"

"Yupo."

Nilikwenda na ufunguo wangu, nikaufungua mlango wa bomba wote. Kijana mrefu, mwembamba, alirudi nyuma hatua mbili na kuficha mikono mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo maua yako yako mengi huko?"

"Bonde zima. Yameota tena yenyewe."

"Basi kesho utaleta kikapu. Leo vua viatu uingie, mwenzio hajanywa chai kwa ajili yako."

"Mama, sheria inasema..." alianza yule kijana.

"Sheria naijua, nimeibandika ukutani mwenyewe. Lete mkono."

Akasita. Nikaushika mimi, bila glavu, nikamvuta ndani.